Punje ya Thelathini

Mpwa wangu aliumbwa na hofu kama wengine wanavyoumbwa na vidole virefu. Ni mtoto wa dada yangu, nimemjua tangu wa kubebwa, na naapa kabla hajajua kutembea alikuwa tayari anaogopa kuanguka. Akitumwa dukani hurudi kutoka njiani kuuliza tena alichotumwa. Akishafunga mlango huinuka kitandani kwenda kugusa komeo. Siku ya harusi yake alituma watu mara tatu wakaangalie kama bwana harusi bado yupo, na bwana harusi mwenyewe nilikuwa nimekaa naye mimi, bega kwa bega, hangefika popote.

Sasa mtu wa namna hiyo, kazi aliyojichagulia ni kuketi sebuleni kwake na watoto wa miaka mitatu na minne, akiwafundisha kwa vitu vidogo vidogo, vile vile ambavyo mtoto akiviona huvipeleka mdomoni. Alipoanza nilimwambia, "Mwanangu, ungejaribu kwanza kazi nyepesi. Kufuga nyoka, kwa mfano."

"Nyoka hawaulizi kwa nini, Mjomba," akanijibu. "Ningechoka nao."

Kabla ya hapo alikuwa msaidizi katika chekechea moja yenye watoto sitini chumba kimoja, wote wakitazama ubao na kuimba namba. Alikuwako mtoto mmoja bingwa wa kuimba, moja mpaka mia bila kupumua. Siku moja mpwa wangu akamtuma alete vijiko viwili. Mtoto akaenda, akaleta kimoja. Akatumwa tena, akarudi na sufuria. Mpwa wangu hakulala usingizi wa maana wiki nzima. Hesabu ya mdomoni, alisema, haijafika mkononi. Mwisho wa muhula akaaga, akaja kuanzisha yake nyumbani.

Mumewe ni dereva wa lori, akiondoka ni majuma mawili. Mimi nakaa chumba cha nyuma, kwa muda tu, na huu ni mwaka wa tatu. Kwa hiyo hakukuwa na mtu wa kumzuia. Makochi yakasukumwa nje ya sebule mpaka ukumbini, ikawa ukitaka kwenda msalani upite kwa ubavu kama kaa. Sebuleni ukatandikwa mkeka wa plastiki. Yakaja masinia manne, sinia moja kwa mtoto. Juu ya sinia hutiwa unga kidogo, mtoto anachora herufi kwa kidole. Akikosea, anatikisa sinia na kosa linafutika. Pakawa na mabeseni mawili ya maji na vipande vya sponji ya manjano: unachovya hapa, unakamulia pale, mpaka beseni moja lijae na jingine liishe. Mimi niliona ni mchezo wa kulowesha mkeka. Yeye akasema mkono unaokamua sponji leo ndio utakaoshika penseli kesho. Nilisoma mpaka darasa la tano, na hilo la tano nilikaa upande wa dirishani, basi nikanyamaza.

Wanafunzi walikuwa wanne. Wa kwanza ni binti yake mwenyewe, tuliyemwita Karani, kwa sababu hakuna ulilofanya likakosa kuripotiwa. Halafu pacha wawili wa fundi cherehani wa jirani, watoto wenye nguvu za punda na busara ya punda. Wa nne ni mtoto wa msusi mwenye saluni pale kona, mpole, mtaratibu, ambaye mafua yalikuwa hayamwishi, hata mama yake akamtundikia leso kifuani kwa pini. Mimi nikampa jina Bwana Leso. Nilikuwa namtania, "Bwana Leso, hiyo pua yako ina mgao, upande mmoja unatoka maji na mwingine mkavu." Anacheka. Alikuwa na harufu kidogo puani, maskini, lakini mtoto wa mwenzio humwambii.

Somo kubwa kuliko yote lilikuwa la maharage. Punje kumi nyekundu, kumi nyeupe, kumi zenye madoa. Mtoto anapewa kijiko, anachota punje kutoka bakuli la pamoja kupeleka kwenye vikombe, kila rangi na kikombe chake, bila kugusa kwa mkono. Ukiwaona wamekodoa macho na ulimi nje, utadhani wanapasua mtu moyo.

Na hapo ndipo hofu ya mpwa wangu ilipopata kazi. Alikuwa na sheria moja: zilizotoka ndizo zirudi. Kabla ya somo anahesabu, anaandika namba kwa chaki nyuma ya mlango. Baada ya somo anahesabu tena mbele ya watoto, kwa sauti, na hakuna mtu kuinuka mkekani mpaka namba zikutane. Harage likiingia puani, aliniambia, linalowa, linavimba. Likiingia kifuani ni baya zaidi. Mwaka mzima namba zilikutana, na mwaka mzima kila siku nilimwona anashusha pumzi zikikutana, kama mtu aliyeteremka kutoka juu ya mti.

Jumanne ile maharage ya zamani yalikuwa yametobolewa na wadudu. Akanipa mfuko mpya na bakuli, yeye akaenda kuwanawisha watoto. "Mjomba, nichagulie kumi kumi za kila rangi. Uhesabu vizuri."

"Mimi?" nikamwambia. "Mimi niliyekuwa nahesabu spoku za baiskeli gizani, leo nishindwe na maharage?"

Akacheka, akaenda. Nikahesabu nyeupe. Nikahesabu za madoa. Nikaanza nyekundu, na fundi cherehani akatokea dirishani na habari za mpira, timu yake imefungwa na analaumu mwamuzi. Unajua tena. Sikumwacha aende hivi hivi. Tulipomalizana, mbele yangu palikuwa na kifungu cha nyekundu. Nikakitazama. Kilionekana kumi. Kifungu cha watu wazima kabisa. Nikakitia bakulini, nikachukua chaki nikaandika nyuma ya mlango 30, kubwa, nikapiga na mstari chini.

Saa nne na nusu somo likaisha, na mpwa wangu akahesabu. Nyeupe kumi. Madoa kumi. Nyekundu tisa.

Akahesabu tena. Tisa.

Sauti yake haikubadilika. Aliwaambia watoto wakae mbele ya masinia yao kama mawe, tuone jiwe la nani litatikisika kwanza. Akainua mkeka pembe moja baada ya nyingine. Akatazama ndani ya vikombe, chini ya mabeseni, kwenye mikunjo ya nguo, ndani ya viatu mlangoni. Mimi nikapiga magoti, nikaingiza mkono chini ya kabati nikatoa kifuniko cha kalamu, kitana, na soksi yangu niliyoitafuta tangu mwaka jana. Harage hakuna.

Akapiga magoti mbele yao. "Wanangu, nani ameweka harage mdomoni?"

Mikono minne ikapanda.

"Haya. Nani hajaweka?"

Mikono minne ikapanda. Kisha wa tano, maana mmoja wa pacha aliinua yote miwili.

"Nani ameweka puani?"

"Mjomba," akasema Karani.

"Mjomba hakuweka puani."

"Anaweka kidole," akasema Karani.

Akachukua kurunzi, akawalaza mmoja mmoja mapajani, akawamulika masikio, midomo, pua. Pacha safi. Karani safi. Bwana Leso aligeuza uso, akaziba pua kwa viganja vyote viwili, akalia. Alimbembeleza, akajaribu tena, mtoto akalia zaidi. Pua imejaa kamasi, huoni kitu.

Mpwa wangu akaja ukumbini nilikokuwa, katikati ya makochi. Uso ulikuwa kama unga wa kwenye masinia.

"Nitawaambia wazazi," akasema.

"Uwaambie nini?"

"Kwamba harage moja halionekani na sijui liko kwa nani."

"Mwanangu, tulia. Harage ni chakula. Kama limemezwa litatoka lenyewe, halihitaji kutangazwa. Ukiwaambia, kesho hapa utabaki na Karani peke yake, na huyo atakuripoti kwa baba yake."

"Na kama liko kifuani mwa mtu?"

Nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakijui, na nilikuwa nimekikalia tangu aliposema tisa. Nikajikuna, nikatazama dari, nikajitia kukohoa. Kisha nikasema, "Nyekundu sikuzihesabu."

Hakuniuliza kwa nini. Afadhali angenitukana, mimi nimetukanwa na mabingwa na sijawahi kuumia.

"Kwa hiyo zilikuwa tisa," akasema taratibu.

Na hapo, ndugu zangu, ndipo pangekuwa mwisho wa shida. Ningeitikia tu, tungekunywa chai. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyekabwa anavyoitazama hewa. Lakini sikujua. Labda tisa. Labda kumi. Labda kumi na moja, na zilizopotea ni mbili.

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Mungu ananiona, sijui."

Akakaa kwenye mkono wa kochi. Kisha akainuka. "Basi tutahesabu kwamba zilikuwa kumi. Na wewe utakuja nami ukawaambie mwenyewe."

Tukawashika watoto mikono, na kwa kuwa fundi cherehani alikuwa karibu, tukaanza naye. Nilimweleza kwa kifupi, sehemu ya mpira nikairuka, akaikumbuka mwenyewe. Akacheka mpaka futi yake ya shingoni ikaanguka. "Pacha wangu? Hawa walimeza kifungo cha koti la mteja, nikakisubiri siku mbili." Akaacha mashine hata hivyo, akaja, kwa sababu mpwa wangu hakuwa anacheka.

Msusi tulimkuta na mteja, nusu ya kichwa kimesukwa na nusu kimesimama kama ufagio. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kuachia ule msuko. Kisha akamwambia mpwa wangu, si mimi, "Nilikuachia mtoto. Sikukuachia gunia, kwamba likipungua kidogo tunasema bahati mbaya."

"Ni kweli, dada," akasema mpwa wangu.

"Usiniambie ni kweli. Niambie liko wapi."

"Sijui. Ndiyo maana nimekuja sasa hivi, tuwapeleke wote zahanati."

Msusi akavua aproni. Yule mteja akabaki kwenye kioo anajitazama nusu mbili, na sina hakika alifanywaje.

Zahanati ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, na sijawahi kutembea dakika ndefu kama zile. Mpwa wangu alikuwa amembeba Karani huku anasikiliza pumzi za watoto wote wanne kwa zamu. Mmoja wa pacha akakohoa, tukasimama wote njiani kama tumepigwa picha. Alikuwa amemeza mate vibaya. Tukaendelea. Msusi alitangulia na mwanawe mgongoni, hakugeuka hata mara moja.

Tabibu alikuwa mama mtu mzima mwenye kurunzi ya kuvaa kichwani, mwenye subira ya mtu aliyeshazoea kupigwa mateke. Kwanza aliwasikiliza vifua wote, kushoto, kulia, mgongoni. "Vifua safi," akasema. Nikaona mabega ya mpwa wangu yameshuka kidogo tu, kama inchi moja. "Kama mmoja amelimeza, litapita. Tuangalie pua na masikio."

Pacha wakapita. Karani akapita, akamwambia tabibu kwamba Mjomba hakuhesabu. Tabibu akanitazama chini ya ile taa, nikapofuka.

Akabaki Bwana Leso. Msusi akampakata, akamfunga mikono kwa shuka, muuguzi akashika kichwa. Tabibu akainama na kutazama muda mrefu tundu moja, lile la maji. Akavuta hewa, akakunja uso.

"Mafua haya yameanza lini?"

"Miezi miwili," akasema msusi. "Nimempa dawa za kila namna. Yanapungua, yanarudi."

"Upande mmoja tu?"

Msusi akafikiri. "Upande mmoja."

"Kuna kitu humu," akasema tabibu.

Mpwa wangu alinishika mkono. Kucha zake ziliniachia alama hadi Alhamisi. Tabibu akachukua kibano chembamba, akangoja mtoto avute pumzi ya kulia tena, akaingiza, akakitoa. Kitu kikaanguka kwenye sahani ya chuma, na wala hakikulia kama harage linavyolia. Kilianguka kimya. Kidogo, cheusi, kimeviringika, na harufu yake ikatufanya wote turudi nyuma, pacha wakashangilia.

"Hili si harage," akasema tabibu. "Hiki ni cha muda mrefu." Akakifungua kwa ncha ya kibano. Ndani ya ule weusi palikuwa na manjano.

Mimi nilijua. Mpwa wangu alijua. Hakuna mwingine mle ndani aliyejua, na hakuna ambaye angejua. Nyumba ngapi zina sponji ya manjano? Ya kuoshea vyombo, ya kuogea, ya ndani ya mto. Nikamkanyaga mguu. Nikamkanyaga vizuri, mguu wa mtu mwenye kilo tisini.

"Ni sponji yangu," akasema. "Ya kukamulia maji. Nina vipande sita na kila siku navihesabu vinarudi sita. Sikuwahi kutazama kama vimerudi vizima. Atakuwa aling'ata kona."

Zahanati nzima ikawa inasikiliza yule mtoto anavyopumua. Alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anavuta hewa kwa pua, anaitoa, anavuta tena, kama amepewa kitu kipya na anakijaribu.

Msusi alimfuta uso, akaandikiwa dawa ya wiki moja, akambeba. Mlangoni akasema, "Miezi miwili." Akaondoka.

Jumatano Bwana Leso hakuja, na harage lenyewe halikuonekana kwa mtu, kama lilikuwapo. Alhamisi hakuja. Pacha walikuja, baba yao aliwaleta huku anasimulia kisa hicho kwa wateja na kukitia chumvi, harage likawa mawili, mimi nikawa nimezimia. Mpwa wangu alizitupa zile sponji, akakata taulo kuukuu vipande vipande akapindia kingo kwa uzi, akavivuta kimoja kimoja kwa meno kuona kama vinang'oka. Akafundisha kama kawaida, masinia matatu. Lakini kila mlango wa nje ukilia anageuka. Usiku wa manane sijui alifanya nini, mimi nalala. Mchana nilimwona anavyohesabu: maharage, vikombe, vijiko, watoto, akimaliza anaanza upya na watoto.

Ijumaa nikamwambia, kwa nia njema, "Ungenyamaza tu pale zahanati, mtoto angekuwa hapa leo."

"Najua," akasema.

"Sasa?"

"Sasa nini, Mjomba? Ningemtazamaje pua?"

Jumatatu saa mbili kasoro mlango ukalia. Msusi, na mwanawe mkononi. Akanipa shikamoo, nikaitikia, nikamnyooshea mkono kuelekea sebuleni. Hakuingia. Alisimama pale pale kizingitini akaongea na mpwa wangu kama mtu anayesoma hati.

"Nimezunguka naye kumtafutia sehemu. Ijumaa nimefika mahali pazuri, pana geti, pana picha ukutani, watoto wana sare. Nikamuuliza mwalimu, hapa kwenu huwa kinapotea nini? Akaniambia, mama, kwetu hakijawahi kupotea kitu." Akabadilisha mkoba bega. "Watoto arobaini. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Nikasema, huyu ama hahesabu, ama hataniambia."

Mpwa wangu akasema, "Dada, siwezi kukuahidi kwamba hakitapotea tena."

"Sijakuomba ahadi. Nimekuja kukaa."

Akaingia. Akavuta kigoda, akakiweka pembeni ya mkeka, akaketi na mkoba mapajani kama msimamizi wa mtihani. Saluni ilikuwa imefungwa mpaka saa sita. Mimi nikaambiwa nitoke, na sikubishana, nikakaa ukumbini kwenye kochi, mlango ukiwa wazi kiasi cha jicho moja.

Kijiko mpwa wangu alichowaonyeshea watoto kiligonga bakuli mpaka kikawa kama kengele. Lakini watoto hawajui mambo hayo. Bwana Leso alikaa mbele ya sinia lake, akachota harage la kwanza, akalisindikiza mpaka kikombeni, ulimi nje. Msusi hakumtazama usoni, alitazama kile kijiko. Kila kilipopanda, kidevu chake nacho kilipanda.

Somo likaisha. Mpwa wangu akaanza kuhesabu kwa sauti, watoto wakimfuata, na midomo ya msusi ikiwafuata watoto. Nyeupe kumi. Madoa kumi. Nyekundu moja, mbili, mpaka nane, mpaka tisa.

Nikasimama kwenye kochi. Nikawaza zahanati, nikawaza yule tabibu na taa yake. Mpwa wangu alikuwa na mkono hewani juu ya kikombe kitupu, hakuushusha wala kuuinua. Msusi alikuwa tayari amekwisha toka kwenye kigoda, yuko magotini na mkoba umemwagika, anapapasa mkeka kwa viganja. Akamwambia mmoja wa pacha ainuke kidogo. Mtoto akainua nusu ya makalio. Harage lilikuwa limemganda kwenye kaptura.

Msusi akalibandua, akalitazama mbele na nyuma kama lina maandishi, akalitia kikombeni. Likalia.

"Thelathini," wakasema watoto.

"Hesabu tena," akasema msusi.

Mpwa wangu alikuwa ameshaanza.